Koti Langu la Kukamulia

Ule ulikuwa mwaka wa malenge. Huku kwetu Subukia mvua iliozesha mahindi yangali shambani, lakini malenge yakashukuru. Yakapanda ua, yakapanda choo, moja likazaa juu ya banda la kuku likakaa pale kama mwenye nyumba. Tulikula githeri ya malenge, tukayaponda na viazi, tukayakanda na unga wa chapati, na yale yaliyotushinda tukawapa ng'ombe. Hata siagi ya mwaka huo ilitoka ya manjano kama kiini cha yai la kienyeji. Kwa hivyo ukiniuliza mjukuu wangu alirudi lini kutoka Ujapani, sitakutafutia tarehe. Alirudi mwaka wa malenge. Uliza mtu yeyote wa bonde hili, atakuambia.

Alirudi na mikono ya bluu. Si bluu ya kalamu. Bluu iliyoingia mpaka kwenye kucha, kama mtu aliyekuwa akiiba anga.

Huyu ni mtoto wa binti yangu, nimemlea mimi, na ndiye mrembo kuliko wote, wengine wakasirike. Alikuwa amekwenda kufundishwa na mama mmoja wa huko anayeshona nguo za kazi kwa mkono: makoti ya wakulima, suruali za mafundi, nguo za watu wanaotoka jasho. Watu wa mjini huko siku hizi ndio wanazinunua, wanazivaa wakienda ofisini. Alipoanza kunieleza nilimkatiza.

"Yaani umevuka bahari ukajifunze kushona viraka?"

"Shosh, si viraka tu."

"Hata mimi ningekufunza, na hungepanda ndege."

Akacheka. Huyu hana kisirani. Mwenye kisirani ni mimi.

Juma lile lile akaleta pipa la plastiki, akalisimamisha nyuma ya jikoni. Ndani akatia unga wa majani aliotoka nao kule, akatia maji ya majivu, akatia pumba za ngano, akafunika. Akaniambia rangi ile iko hai. Inakula, inalala, ikipata baridi inanuna. Kila asubuhi alikuwa anaifunua na kuikoroga na kuinusa, hata kabla hajanisalimia mimi. Na kunuka ilinuka! Povu likapanda juu, la zambarau, na majirani wakaanza kupita karibu na ua wangu polepole, pua mbele, wakisema tunapika pombe.

Mzee wa nyumba kumi akaja. Huyo mzee na mimi tunajuana tangu ujana wetu.

"Mama, nasikia kwako kuna kitu kinachemka bila moto."

"Ni rangi ya nguo."

"Rangi inatoa povu?"

"Si uingize kidole uone."

Akaingiza. Kilitoka kijani, halafu tukiwa tunakiangalia kikageuka bluu pale pale hewani, naye akaruka nyuma kama ameona nyoka. Jumapili alishika kitabu cha nyimbo kwa kidole hicho, na kanisa zima likawa linamuuliza amempigia nani kura na uchaguzi bado. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tunapika pombe.

Jioni tukikaa kwa jiko mjukuu alinieleza mambo ya huko. Mengi niliyasahau, lakini moja lilinikaa. Alisema wazee wao walikuwa na msemo kwamba kitambaa kinachotosha kufunga maharagwe matatu hakitupwi. Maharagwe matatu! Niliwaza vile vipande vyangu kwenye mfuko nyuma ya mlango, ambavyo binti zangu wamenisimanga navyo miaka na miaka, "Mama, choma hayo matambara." Nikamwambia hao watu ni ndugu zetu, tulipotezana tu njiani.

Lingine tulibishana. Alikuwa anashona makoti yake mapya, ya bluu, mazuri sana, mshono mweupe kama mchele umepangwa. Lakini kwenye kifua, pahali palipo pazima kabisa, akabandika kiraka.

"Hapa pametoboka lini?"

"Hapajatoboka. Ni urembo."

"Kiraka pasipo na tundu ni kama kufunga bandeji mguu mzima."

"Na hapa je?" Akanionyesha viwiko. Alikuwa amevishona mstari kwa mstari, karibu karibu, vitambaa viwili vikawa kimoja kinene. "Huku nimeshona kabla patoboke. Kiwiko kinajulikana kitachoka. Unakisaidia mapema."

Hapo alinishika. Miaka yote mimi hungoja tundu ndipo nitafute sindano. Sikuwahi kufikiria kushona tundu ambalo halijafika. Nikamwambia viwiko ni sawa, kifua ni uongo. Akaniambia nimezeeka. Tukala malenge.

Moja ya makoti hayo alinipa mimi, niende nalo kanisani. Nililivaa kanisani mara moja, watu wakaliangalia, nikatosheka. Baada ya hapo nikalivaa shambani, maana lilikuwa na nguvu, na nguo yenye nguvu kuikalisha kwa sanduku ni kuitukana.

Sasa niseme juu ya koti lenyewe. Kwa kukamua nina dastikoti langu, lile koti refu la kazi. Nililishonesha Nakuru, kitambaa nilinunua kwa Mhindi mmoja mzee mwenye duka la vitambaa, mtu aliyekuwa akivuta kitambaa kwa mikono miwili mbele yako mpaka unaogopa, halafu anakuambia, "Hii utazikwa nayo, mama." Kilikuwa cha kaki. Leo ukitafuta kaki hiyo utaiona chini ya kola, pengine. Kwingine kote kuna kitu kingine. Mfuko wa kulia ni suruali ya Jumapili ya marehemu mzee wangu. Mgongo ni gunia la unga. Mkono mmoja ni sare ya shule ya mama wa huyu mjukuu, mwingine ni pazia. Kwapani kuna kitambaa cha mwavuli, na hicho ndicho kizuri kuliko vyote kwa sababu maji hayapiti.

Na ng'ombe wangu analijua. Mwenye ng'ombe wa maziwa hatashangaa. Ng'ombe hakuangalii uso, anakunusa nguo. Nikiingia zizini na koti hilo anateremsha maziwa kabla sijakaa. Nikiingia na nguo nyingine anaziba, anakaza miguu, anakuangalia kwa pembe ya jicho kama mkwe ambaye mahari yake haijaisha.

Siku moja mjukuu akanipigia simu akiwa mjini. Alikuwa amekodi chumba hapo Nakuru, anataka kuonyesha nguo zake.

"Shosh, mwalimu wangu anakuja! Kutoka Ujapani! Anakuja kuona kazi yangu, na akiipenda atachukua makoti yangu auze kwa duka lake huko."

Nikapiga vigelegele hapo kwa njia, mbuzi wa jirani akakimbia.

"Na Shosh... nilimtumia picha ya koti yako. Ya kukamua."

"Ya nini?"

"Aliipenda sana. Alisema hajaona kitu kama hiyo. Sasa... nilimwambia atabeba."

"Uliahidi koti yangu?"

"Itawekwa kwa kioo, Shosh! Watu wa Ujapani waione!"

"Na mimi nikamue nimevaa kioo?"

Akasema kwa sauti ndogo, ile aliyokuwa nayo akiwa mdogo akivunja kikombe, "Nikivunja ahadi kwa huyo mwalimu, Shosh, sijui. Kwao neno ni neno. Akikasirika hatachukua makoti yangu, na kazi yangu itaishia hapo."

Nilikata simu nikaenda kumkatia ng'ombe majani. Nampenda mtoto huyo kuliko nguo yoyote, lakini kazi yake ilikuwa ya kesho, na maziwa yangu yalikuwa ya jioni hiyo hiyo.

Akaja nyumbani na makoti yake yote siku moja kabla ya mgeni. Asubuhi nilipoenda kuchota maji, yeye kwa kutaka mambo yawe mazuri akachukua koti langu akalifua. Kwa sabuni ya kunukia! Ile ya maua! Nilirudi nikalikuta kwenye ua linapepea, linanuka kama bibi harusi.

"Shosh, imetakata!"

"Umeniua."

Jioni nililivaa hivyo hivyo, lina unyevu. Ng'ombe akageuza kichwa, akavuta pua, akapiga chafya. Halafu akapiga ndoo teke, ikaenda mpaka kwa kuku. Nilibembeleza, nikaimba, nikapaka mafuta ya kukamulia mara mbili, nikapata maziwa ya kutia chai tu. Mjukuu alikuwa amesimama kwa mlango wa zizi na mkono mdomoni. Nilivua lile koti, nikamsugua nalo ng'ombe mbavu zote mbili, nikalitundika juu ya hori lilale naye. Asubuhi harusi ilikuwa imeisha, harufu imerudi. Maziwa pia.

Mwalimu akafika mchana, ameletwa kwa gari na dereva. Nilitarajia mama wa mjini mwenye viatu virefu. Akashuka mama mdogo wa kimo, nywele nyeupe zimekatwa fupi, na kwenye begi lake amebeba gambuti zake mwenyewe. Hapo nikajua huyu si mtalii. Akainama kunisalimia. Mimi nikainama. Yeye akainama zaidi. Mimi siwezi kushindwa kwangu, nikainama zaidi. Tukaendelea hivyo kama kuku wawili wanaodonoa punje moja, mpaka mjukuu akasema, "Shosh, inatosha, mtagongana."

Nikamlisha chapati za malenge na chai. Alikula tatu. Halafu akanawa mikono, akaikausha vizuri, na mjukuu akamletea koti.

Kitu cha kwanza alichofanya ni kuligeuza ndani nje. Nikasema moyoni, huyu anajua. Asiyejua huangalia nje akasema maridadi. Anayejua huangalia ndani, kule ambako uzi unasema ukweli. Akapitisha kidole kwenye kila kiraka, akawa anauliza, mjukuu anatafsiri. Hiki ni nini? Suruali ya mume wangu. Hiki? Gunia. Alipofika kwapani akasimama, akasugua, akauliza. Nikafungua mwavuli hewani kwa mikono mitupu. Akacheka akaweka mkono kifuani. Halafu akaliweka usoni akalinusa, akavuta pumzi yote. Mtu ambaye hajazoea angeanguka.

Akaweka koti magotini, akasema maneno marefu polepole, huku akiniangalia mimi, si mjukuu.

"Anasema nini?"

"Anasema kwao wanaamini nguo haimalizwi na fundi. Fundi anaianza tu. Mwenye kuivaa ndiye anaimaliza. Na hii koti ndiyo..." Akamwangalia mwalimu. "Anauliza kama bado uko tayari kumpa. Kwa heshima, Shosh. Ametumia maneno ya heshima sana."

Nilimwangalia mjukuu wangu. Mikono yake ya bluu ilikuwa imeshikana kama inaomba. Nikamwangalia yule mama. Alikuwa na macho mazuri, wala si mwizi. Lakini swali limeulizwa, na mimi kwetu sikufunzwa kuzungusha.

"Sikupi," nikamwambia. "Koti halijaisha kushonwa, na mimi sijaisha kukamua."

Mjukuu akatafsiri. Neno moja, mawili.

"Mbona yako fupi na yangu yalikuwa marefu? Umemwambia nini?"

"Nimesema... utafikiria."

"Sema nilivyosema."

"Shosh, please."

"Sema."

Akasema, macho chini. Mwalimu akaweka kikombe mezani. Nikaona jasho juu ya mdomo wa mtoto wangu, na kweli nikamhurumia. Lakini neno likitoka limetoka.

Ndipo ng'ombe akalia. Saa yake ilikuwa imefika, na yeye hajali wageni.

"Mwambie," nikasema, "kama analipenda hivyo, alivae kwanza aone kazi yake."

Yule mama akasimama kabla tafsiri haijaisha. Akavaa gambuti. Akavaa koti, mikono ikampita vidole, akakunja mara mbili. Akaingia zizini kama anaingia kanisani. Ng'ombe akageuza kichwa, akanusa bega, akanusa mfuko wa mzee wangu, halafu akarudi kutafuna majani yake. Amempitisha! Mjukuu akanishika mkono.

Mwalimu akakaa kwa kigoda. Mwanzo alikuwa anavuta, na maziwa yakaingia kwenye mkono wa koti badala ya ndoo. Nikachuchumaa, nikafunika vidole vyake kwa vyangu, nikavibana kimoja kimoja kutoka juu, hivi, hivi, hivi. Ikatoka, *tsaa*, ndani ya ndoo. Akapiga kelele neno la kwao na mjukuu akacheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi kavu, na mimi sikuuliza maana yake, ilieleweka.

Alipoinuka mfuko ukanaswa na waya wa hori. *Rrraa.* Mfuko ukaning'inia.

Maskini, alibadilika rangi. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia ndoo. Akainama tena.

"Mwambie aache!" Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinaniuma. "Mwambie asante! Nilikuwa naanza kukosa pahali pa kushona!"

Tukakaa kwa benchi nje, mimi huku, yeye kule, mjukuu katikati ameshika koti. Mwalimu akatoa kwenye begi kitambaa cha bluu kilichochoka, kidogo, lakini maharagwe matatu kingefunga na la nne kingebeba. Akakiweka chini ya mpasuko. Yeye alianza kutoka upande wake, mimi wangu. Yeye hatoi sindano kila mara. Anakunja kitambaa juu ya sindano kama anatunga nyama ya mshikaki, anavuta mara moja, mishono kumi. Wangu unapanda na kushuka mmoja mmoja, kama mzee kwenye mlima. Wake ulitoka umenyooka, wangu kama meno yangu. Hakunirekebisha, na mimi sikumsifu. Tulipokutana katikati tukafunga uzi fundo moja.

Halafu akamwambia mjukuu alete makoti yake. Mtoto akayaleta yote kwa mikono miwili. Mwalimu akayageuza ndani nje, moja baada ya lingine, polepole. Kwenye kile kiraka cha kifua akasimama. Akasema kitu kifupi.

"Anasema," mjukuu akajitafsiria mwenyewe, sauti inashuka, "hiki kiraka hakina kazi."

Mimi ndimi niliyesema hivyo mwanzo, lakini kusema mimi ni jambo moja, na mgeni kusema ni lingine. Nikaruka.

"Mwambie aangalie viwiko! Mbona haulizi viwiko?"

Nikaingia nyumbani. Nyuma ya mlango, pale mjukuu alipokuwa amelificha ili mgeni asione matope, nikalitoa lile koti langu la kanisani. Nimelimia nalo, nimevunia nalo, nimebeba nalo malenge begani msimu mzima. Mabega yamepauka. Udongo mwekundu umeingia kwenye mishono. Bluu imekuwa bluu nyingine, kama mlima wa mbali.

"Shosh, si hiyo! Ni chafu!"

Nikalitupa juu ya magoti ya mwalimu, nikakunja kiwiko mbele ya macho yake. Kizima. Kingine. Kizima.

"Mwambie huyu mtoto alishona kabla hapajatoboka. Na hapajatoboka. Mimi nimejaribu kutoboa na nimeshindwa, na mimi si mtu wa mchezo."

Mjukuu akatafsiri, na safari hii hakupunguza hata neno. Mwalimu akakishika kiwiko kwa vidole viwili, akakisugua, akakwangua udongo kwa ukucha, akainua mkono wa koti akauangalia kwenye jua. Akaongea, na nikaona uso wa mtoto wangu ukifunguka kama maua ya malenge asubuhi.

"Shosh. Atayachukua. Yote ya viwiko. Anasema niondoe kiraka cha kifua, na hii..." Akajipangusa macho kwa mkono wa bluu. "Hii ya matope ndiyo itakaa mbele kwa maonyesho. Bila kufuliwa. Akiruhusiwa na wewe."

"Hilo abebe," nikasema. "Fundi wake yuko hapa, atanishonea lingine."

Tulicheza. Ndiyo, kwa uwanja, wanawake watatu, na mmoja hajui wimbo. Mzee wa nyumba kumi akachungulia juu ya ua kuona kama sasa ni pombe.

Jua lilipoanza kushuka nikawafungia malenge mawili, moja la mwalimu, moja la dereva. Mwalimu akavua gambuti, akazipangusa, akazitia kwa begi. Akaja mbele yangu. Nilikuwa tayari nimevaa dastikoti langu, mfuko una kiraka kipya cha kwao na uzi wetu. Akaugusa kwa kidole kimoja. Macho yake yalikuwa yanacheka, na nikajua alikuwa amejifunza maneno haya kwa mjukuu nilipokuwa natafuta malenge.

"Mama," akasema kwa Kiswahili, pole pole, kila neno na kiti chake. "Hilo koti. Utanipa?"

"Shosh, jibu vizuri," mjukuu akanong'ona.

Nikamshika yule mama mikono yote miwili, nikamjibu vizuri.

"Sikupi. Koti halijaisha kushonwa, na mimi sijaisha kukamua."